Mfereji Uliochangiwa Kama Harusi

Nianze na aibu ili tumalizane nayo. Mimi ndiye niliyechapisha kadi arobaini za ahadi, zenye njiwa wawili, pete mbili na maua ya pinki pembeni, nikazigawa mlango kwa mlango kwa wastaafu ili wachangie mfereji wa maji ya mvua. Juu ya kila kadi kulikuwa na maneno, "Kwa furaha kubwa tunakualika wewe na familia yako." Sikufuta hata herufi moja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya bila kutumwa na mtu, na ndiyo inayonipa haki ya kuwashauri ninyi leo.

Sasa wadogo zangu wa Senior One na Senior Two, mnaoulizana mtafanya nini likizo hii, vuteni viti. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko Senior Five, na nimeacha rasmi kazi ya utarishi baada ya likizo nne za utumishi mwema. Magoti yanalia. Pensheni bado naisubiri. Mkinikuta kwenye kona ya chapati msinipite bila salamu, mimi ni mtu mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa Bukoto, hapa Kampala, juu ya mteremko, kuna mtaa uliopangwa kwa ajili ya waliomaliza kazi: nyumba arobaini zisizo na ngazi, vyuma vya kushikilia bafuni, chumba cha nesi, lango na mlinzi. Mama yangu ni karani wa chama cha wakazi. Ofisi ni chumba kimoja pale langoni, kina meza, muhuri na feni inayozunguka ikitaka. Shule zikifungwa, Mama hakutaka nizurure, akanipa barua nizigawe. Barua zilikuwa za Kiingereza cha mawakili, na miwani ya wazee siku zote iko chumba kingine, kwa hiyo ilibidi nizisome na kuzieleza. Kwa Kiswahili, maana wakazi wametoka kila pembe na Luganda yangu ni ya kununulia chapati tu. Kila mtu pale ana Kiswahili chake. Sajini wa nyumba ya ishirini, mwanajeshi mstaafu, ana kile cha kambini, kila sentensi inapiga saluti. Sisi tumekuja Kampala kutoka Bungoma, basi mimi waliniita Kenya. Si Wekesa, jina langu. Kenya. "Kenya, kuja hapa! Kenya, viatu nje!"

Chukueni ujuzi wa bure. Vaa soksi zisizo na tundu, kwa sababu utavua viatu mara arobaini kwa siku. Chai ya kwanza kunywa, ya pili kunywa, ya tatu sema umeitwa ofisini. Barua ukipewa, anza na ukurasa wa mwisho, kwa sababu ukurasa wa kwanza ni wa kukusalimia na kukushukuru kwa ushirikiano. Pesa wameificha nyuma. Na usimtajie mzee idadi ya pesa kabla hajakaa. Hilo nililijua baada ya mwalimu mkuu mstaafu wa nyumba ya kumi na nne kunikalia mguuni akitafuta kiti.

Siku hizi wanatuma matangazo kwenye gulupu ya WhatsApp, eti maendeleo. Maendeleo gani? Tangazo la maji kukatika linawekwa saa moja asubuhi, saa moja na nusu limezikwa chini ya maua kumi na saba ya "habari za asubuhi wapendwa". Barua ya mkononi haizikwi na ua.

Basi, ikaja ile barua. Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima na mfereji wa chini ya mteremko ukabomoka, tope likaingia hadi kwenye kibanda cha mlinzi. Kampuni iliyojenga mtaa ikaandika kwamba kila nyumba italipa tozo maalumu, shilingi milioni mbili, ndani ya siku tisini. Asiyelipa, nyumba yake itawekewa zuio asiweze kuiuza wala kuiandikisha kwa mtoto, mpaka alipe na faini juu.

Nilifika nayo nyumba ya tisa, kwa Jajja Nalongo. Jajja ni bibi, na Nalongo ni jina la heshima la mama wa mapacha. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wanaowapigia honi hapa mjini walipokelewa na mikono yake. Mafao yake yote aliyaweka kwenye ile nyumba. Nilimkalisha kwanza, nikasoma, nikataja pesa. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na karatasi nyingine.

"Na hii inasema nini? Meneja wa kampuni alileta asubuhi. Alikuwa na haraka."

Nikaanza nyuma, kama kawaida. Ilikuwa fomu ya kuirudisha nyumba kwa kampuni, kwa bei ambayo kampuni itaona inafaa.

"Jajja, hii ni ya kuachia nyumba."

"Ndiyo, hivyo alisema. Anasema kama mimi sina, bora narudisha sasa, ananipa kitu kidogo. Jumamosi anakuja kuchukua."

"Na wewe utaenda wapi?"

"Namuwongo, kwa mtoto wangu. Ana vyumba viwili na watoto wanne. Nitalala na wajukuu." Akacheka kidogo. "Rakini wale wanapiga teke. Kenya, una kalamu?"

Nilikuwa nayo, nyuma ya sikio. Nikaapa sina.

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kosa lake la kwanza. Mnajua vikao vya harusi vya Kampala. Mwenyekiti ana daftari, anasoma bajeti, na watu wanainua mikono: mimi natoa tenti, mimi kreti tatu za soda. Kuna watu hapa wanamkwepa mwenye nyumba mwaka mzima, lakini ahadi ya harusi iliyotajwa mbele za watu wanailipa hata kwa kuuza redio. Nikamwambia, "Jajja, usisaini. Hii tozo ni kama kikao cha harusi tu. Tutasaidiana, mwenye nacho anamwinua asiye nacho." Uso wake ukafunguka. Na mimi nikimwona mtu mzima amefurahi kwa sababu yangu, sina breki.

Nikashuka Wandegeya kwa mchapaji mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, mwenye kadi za harusi zilizobaki. Alinihurumia bei.

"Bibi harusi njo nani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Mfereji."

Akaandika nusu, akasimama. "Iko jina ya wapi hiyo?"

Nikamwambia aache wazi.

Jamani, wazee wale walikuwa wamekaa miaka bila harusi ya kupanga. Sajini alijaza kadi yake kwa herufi kubwa: MBUZI MOJA, DUME, HAI. Mwalimu mkuu akaahidi keki ya ghorofa tatu. Mzee wa nyumba ya saba akajitolea kuwa mshereheshaji na akaanza mazoezi palepale mlangoni. Pesa taslimu? Jumla yake haikutosha kununua toroli. Lakini roho ilikuwepo! Na kikao kikapangwa Jumamosi alasiri, ukumbini.

Mama aligundua kupitia gulupu. Katikati ya maua ya asubuhi mtu aliuliza, "Sare ni zambarau au kijani?"

"Wekesa."

"Naam, Mama."

"Nani anaoa?"

Nikaeleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunyamaza, na mama yangu akinyamaza tafuta mlango.

"Kwa hiyo umewaambia watu wazima walipe kampuni kwa keki."

"Na mbuzi."

"Wekesa! Yule bibi Jumamosi anafuatwa na karatasi. Wewe umempa tumaini la njiwa na pete. Meneja akisimama pale utamwambia nini? Ale kipande cha keki amwachie nyumba?"

Akilini nilimwona Jajja amebanwa ukutani na miguu minane ya wajukuu, kwa sababu ya mdomo wangu. Mama akafungua kabati, akatupa faili mezani, vumbi likapanda.

"Hilo lina mambo yote ya mtaa huu. Soma. Yote. Kabla ya Jumamosi uwe unaweza kuwaeleza wale watu wanalipa nini na kwa nini."

Nilisoma siku mbili na mchana wa tatu. Ninyi nawapa kwa dakika mbili, msiseme sijawapenda.

Nyumba za namna hii zinalipa vitu vitatu tofauti, na wenye nia mbaya hupenda uvichanganye. Cha kwanza ni ada ya kila mwezi: mlinzi, majani, taa, na kidogo kinachowekwa akiba. Cha pili ni tozo maalumu. Hiyo huja pale kitu kikubwa kinapoharibika na akiba haitoshi. Hailipwi kila mwaka, ni ya kazi moja, na kwa katiba ya mtaa wetu lazima wakazi waonyeshwe makadirio kisha wapige kura. Barua peke yake si tozo, ni ombi lililovaa tai. Wala msidhani kila tozo ni wizi. Likizo iliyofuata pampu ya maji iliungua, akiba ikawa tupu, makadirio yakaletwa, wakauliza maswali, wakapiga kura ya ndiyo na wakalipa. Watu lazima waoge.

Cha tatu ndicho kilichonitoa jasho: ada ya bondi ya miundombinu. Kabla ya nyumba hata moja kusimama, kampuni ilihitaji barabara, mabomba na mitaro, na pesa haikuwa nayo. Ikauza bondi, yaani vyeti vya mkopo. Mwenye pesa anakukopesha leo, unamrudishia kidogo kidogo na riba kwa miaka mingi. Anayerudisha ni nani? Nyumba. Kila nyumba ilipewa fungu lake la deni. Mtu akiuza, anayenunua anaendelea kulipa pale alipoachia mwenzake, kwa sababu deni limeshika kuta, halijamshika mtu. Lina mwaka wa mwisho, na ukitaka unaweza kulimaliza mapema. Jajja alikuwa akiilipa kila Januari bila kukosa. Yeye alidhani ni ya taka.

Kwa hiyo bondi ukikutana nayo uliza mambo matatu: limebaki kiasi gani, linaisha lini, na pesa ile ilinunua nini. Hilo la tatu lina jedwali lake nyuma kabisa ya faili. Mimi, bingwa wa kuanza nyuma, niliona ni jedwali nikaliruka. Nilianza na aibu, na hii ndiyo ya pili.

Jumamosi ikafika. Wazee waliingia ukumbini wamependeza, wengine zambarau, wengine kijani, maana hawakuafikiana. Mbuzi alikuwa amefungwa langoni, anakula tangazo la mkutano. Mama aliandaa chai. Nikasimama mbele, nikawaeleza kwamba nilikosea, kwamba hii si harusi, kwamba tozo ni tozo na bondi ni bondi. Nilitarajia viatu virushwe. Mzee wa nyumba ya saba akauliza tu, "Kwa hiyo mshereheshaji hahitajiki?"

Meneja wa kampuni, ambaye Mama alimwandikia kwamba kwa katiba lazima alete makadirio na kura ipigwe, akaingia na makadirio yake, simu mbili na manukato yaliyomtangulia. Alimwona Jajja mstari wa mbele, akamnyooshea mkono. "Mama, ile karatasi?"

Jajja aliishika mapajani. "Iko hapa. Rakini tukae kwanza."

"Hakuna haja ya kukaa sana. Wazee wetu, jumla ni milioni themanini, tugawe kwa nyumba arobaini, tupige kura tuondoke."

Sajini, aliyejipa uenyekiti wa harusi na hakuwa tayari kuuachia, akafungua daftari lake. "Hapana. Jumla inakuja mwisho. Kwanza bajeti, laini moja moja. Kijana! Simama sawasawa. Soma!"

"Si lazima..." alianza Meneja.

"Mimi nimefanya harusi ishirini na sita," Sajini akasema. "Hakuna moja ilianza na jumla. Soma!"

Nikasoma makadirio ya kampuni. Kupima ardhi. Saruji. Mchanga. Mawe. Vibarua. Kila mstari wazee walitikisa vichwa kama wanaosikia bei ya pilau. Nilipomaliza, Jajja akainua mkono.

"Na bwana harusi?"

Meneja akatazama kulia na kushoto. "Bwana harusi gani?"

"Kwa kikao sisi hatuanzi kutoa mpaka bwana harusi anasema yeye mwenyewe ameshalipa nini. Labda keki amelipa. Labda gari. Mfereji huu, tayari kuna nini mkononi?"

Nikataka kusema hakuna. Kisha nikakumbuka nililoliruka. "Jajja, kuna bondi. Ina orodha ya vitu ilivyonunua."

"Basi soma na hiyo."

Meneja akasema orodha ile ni ya kitaalamu, itawachosha wazee. Sajini akasema yeye alichoka mwaka alioingia jeshini na bado anatembea. Mama akanipa faili, limefunguliwa nyuma. Nikasoma. Barabara ya lami, kutoka langoni hadi nyumba ya arobaini. Bomba kuu la maji. Mabomba ya maji machafu. Nguzo za taa. Mfereji wa mvua wa mteremko wa chini, wa zege, pamoja na ukuta wake.

Nikausoma mstari huo tena kwa macho.

"Kenya," Jajja akasema, "hiyo ya mwisho, rudia."

Nikarudia. Pembeni kulikuwa na neno: umekamilika. Na sahihi.

"Mfereji wa zege?" Sajini akauliza. "Mimi nalala juu ya huo mfereji. Hakuna zege. Ni mawe imepangwa tu. Kikao, simama! Tunakwenda."

Mngeuona ule msafara. Zambarau, kijani, fimbo, mkongojo, mshereheshaji akituongoza, Meneja katikati kama bwana harusi asiyetaka. Tukashuka mteremko polepole hadi chini. Sajini akaingiza ncha ya fimbo kati ya mawe mawili, akainua kidogo tu. Jiwe likatoka lenyewe, likabingirika, likasimama mbele ya viatu vya Meneja. Nyuma yake udongo mtupu.

"Huenda ni makosa ya uchapaji," Meneja akasema.

"Mimi nimezalisha wamama wengi sana," Jajja akamjibu, bila kupandisha sauti. "Hakuna siku nililipisha mama mara mbili kwa mtoto mmoja. Tena mtoto mwenyewe hajazaliwa!"

Ulicheka mteremko mzima. Meneja akasema atarudi ofisini kuuliza wakubwa. Sajini akaonyesha mikono ya Meneja. "Simu ziko mbili. Ulizia hapa."

Akapiga. Alisogea pembeni, lakini wazee wale walisogea naye, hatua kwa hatua, kila mmoja ameweka mkono nyuma ya sikio. Tulisikia "ndiyo mkubwa" nane na "hapana, wamelisoma" moja. Akarudi akasema tozo imesimamishwa mpaka kampuni ichunguze. Sajini hakuridhika na kusimamishwa. Akaitisha kura palepale kwenye tope: anayekubali tozo ainue mkono. Hata mbuzi hakulia. Anayekataa? Mikono ikapanda, na fimbo zikapanda juu ya mikono, na mwalimu mkuu akainua miwili nikalazimika kuhesabu upya.

Wiki tatu baadaye ilikuja barua ya kuiondoa tozo, na baada ya barua lori la zege, kwa gharama ya kampuni. Nilizigawa barua hizo mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilitaja pesa kabla ya mtu kukaa: sifuri. Mfereji upo, pandeni mkaupige teke, mtaumia ninyi.

Lakini jioni ile ya Jumamosi hatukungoja barua. Tulirudi ukumbini. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu kweli. Sajini aliulizwa kama atamrudisha mbuzi wake nyumbani, akakasirika: ahadi aliandika kwa mkono wake, hairudi. Mchuzi ulikuwa mtamu. Mshereheshaji alipata kazi yake hatimaye, akamtangaza Jajja kama bibi harusi, na Jajja akasimama akapiga vigelegele vya mkunga, vile vya mtoto amefika salama. Meneja alikuwa ameondoka bila karatasi yake. Jajja alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza ya keki, iliyokuwa ikiyumba.

Wageni walipoanza kutawanyika nilijipanga karibu na Mama, kifua mbele, nikingoja sifa. Alikuwa anafunga faili. Alinitazama juu hadi chini, kichwa hadi soksi, akavuta kiti kimoja, akavuta na cha pili, akasema hivi, neno kwa neno:

"Kusanya vikombe. Ukimaliza uje ukae hapa unieleze hiyo bondi polepole, maana miaka yote hii mimi nilikuwa naipiga muhuri tu."